Mipangilio ya Mtu Ni Mali ya Nani?

Kuna ombi moja ambalo watu wa Emacs hupeana wakikutana, na sijawahi kulisikia kwa watu wengine wanaoishi kwa kuandika: "Hebu nipe faili lako nilione." Mshairi hamwombi mshairi mwenzake kalamu. Mwandishi wa riwaya anaweza kukuuliza unaandika saa ngapi, unakunywa chai au kahawa, basi, yanaishia hapo. Lakini hawa jamaa (nami ni mmoja wao, mwaka wa kumi na nne sasa) wanaombana faili zima lenye mistari mia mbili, mia tano, wakati mwingine elfu nne, na anayeombwa hutoa bila kusita, kama anayemmegea jirani kipande cha mkate. Kwa muda mrefu nimejiuliza mtu anapotoa faili lile anatoa kitu gani hasa, na anayepokea anadaiwa nini. Lilikuwa swali la kupitishia muda kwenye foleni. Tangu mwaka juzi si la kupitishia muda tena, na nitafika huko.

Kwanza, kwa wasomaji ambao hawajawahi kuiona. Emacs ni programu ya kuandikia na kuhariri matini. Ukiifungua mara ya kwanza inakatisha tamaa, maana sura yake ni ya kizamani na haina urembo wowote. Inachozidi nacho nyingine ni kwamba karibu kila kitu ndani yake kinaweza kubadilishwa na anayeitumia, tena ikiwa inaendelea kufanya kazi. Sizungumzii rangi na ukubwa wa herufi tu. Kitufe hiki kifanye nini, neno lihesabiwe kuwa limeanzia wapi na kuishia wapi, nini kitokee unapohifadhi kazi yako: mengi ya hayo yameandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lisp, na wewe una ruhusa ya kuandika ya kwako juu yake. Maagizo yako unayaweka kwenye faili moja, kwa kawaida huitwa init.el, na Emacs hulisoma kila inapowashwa. Mwaka wa kwanza lina mistari kumi. Mwaka wa kumi limekuwa kama kabati la mtu aliyekaa nyumba moja muda mrefu: kila kitu kimo, na kila kitu kina sababu iliyokiingiza.

Sasa, swali la nani mwenye haki na mipangilio hii si jipya. Emacs yenyewe imezaliwa humo. Katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani, watu walitumia programu ya kuhariri iitwayo TECO. Ilikuwa inaruhusu mtu kujitungia amri zake na kuzifunga kwenye vitufe. Wakajitungia. Kila mmoja akajenga nyumba yake kwa ramani yake, mpaka ikafika mahali ukikaa mbele ya kibodi ya mwenzako hujui hata kufuta neno, maana kitufe kinachofuta kwako kwake kinafanya jambo jingine kabisa. Guy Steele akaanza kazi ya kupita kwa wenzake kuuliza nani anatumia amri gani na kwa nini, apate seti moja inayoweza kuwafaa wote. Richard Stallman akaichukua kazi hiyo na kuiendeleza, na mwaka 1976 seti hiyo ikapata jina la Emacs.

Ninachokiona humo ni hiki: Emacs ilianza kama jaribio la kutibu ubinafsi wa mipangilio. Watu walikuwa wamejifungia kila mmoja ndani ya tabia zake, hawawezi tena kusaidiana kwenye meza moja. Dawa ikawa kuchukua yaliyo mazuri kwa kila mmoja na kuyafanya ya wote. Na Stallman alipoanza kuigawa Emacs nje ya maabara, aliweka sharti la kijamaa kabisa: ukiboresha kitu, urudishe kwake ili wengine nao wapate. Aliita jumuiya. Mtu aliyekulia Tanzania akisikia habari hiyo anatabasamu kidogo, anajua inavyoanza na anajua inavyokwenda.

Baadaye sharti lilibadilika, na watu wengi hawalitazami badiliko hilo kwa makini. Leseni ya GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, inakubana kwenye jambo moja: ukimpa mtu programu, mpe na msimbo wake, na umwachie uhuru uleule ulioupata wewe. Lakini ukikaa na mabadiliko yako chumbani, unayatumia peke yako, haikudai kitu. Huna haja hata ya kumwambia mtu kwamba yapo. Kutoka "kila ulichoboresha ukirudishe" mpaka "kilicho chako peke yako kiache kiwe chako" ni safari ndefu, na kwa maoni yangu ni safari ya kwenda mbele. Jumuiya inayomtaka mtu atoe kila kitu, hata kile kinachomfaa yeye tu, haijajua tofauti ya ghala na chumba cha kulala.

Basi tukubaliane kwamba halazimishwi mtu. Bado watu wanatoa, na wanatoa kwa wingi. Wako walioandaa mipangilio mizima iliyo tayari kuvaliwa, kama Spacemacs au Doom Emacs, na maelfu wanaivaa. Wako waliotunga kitu kwa shida zao wenyewe kikawa cha dunia. Carsten Dominik ni mnajimu, yaani mwanasayansi wa nyota, si mtu wa kutabiri; mwaka 2003 alianza kujitungia njia ya kupanga maandishi na shughuli zake ndani ya Emacs. Leo hiyo ndiyo Org, imo ndani ya Emacs yenyewe, na kuna watu wanaoitumia Emacs kwa sababu ya Org peke yake. Mimi makala hii naiandikia humo. Huwezi kuniambia kwamba Dominik angefanya vyema kukaa nayo chumbani.

Ila Org ilipofika kwetu haikuwa tena tabia za Dominik. Ilikuwa imeoshwa, ikaandikiwa maelezo, ikapewa milango ya kumruhusu kila mtu aingie na ya kwake. Faili la mipangilio halijaoshwa. Ni mitumba. Imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine, mahali pengine, kwa hali ya hewa nyingine. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, na nusu ya jiji la Dar es Salaam imewathibitishia wahenga kwamba kinasitiri vizuri tu, mradi umpelekee fundi akipunguze. Fundi ndiye anayesahaulika. Watu wananakili mistari arobaini ya mtu, wanabandika, inafanya kazi, wanaendelea na maisha.

Mfano mmoja, maana bila mfano tutaonekana tunapiga porojo. Emacs ina hali fulani ambayo ukiiwasha, ukibonyeza alama ya ritifaa, ile ya katikati ya ng'ombe, yenyewe inakuandikia alama ya nukuu iliyopinda, ile inayopendeza kwenye vitabu. Anayeandika insha kwa Kiingereza anafurahi, ukurasa wake umependeza, na mstari wa kuiwasha anauacha kwenye faili lake kwa nia njema kabisa. Uchukue mstari huo uende nao kwenye Kiswahili. Sasa una ng'ombe mwenye ritifaa iliyonyooka, uliyemwandika mwaka jana, na ng'ombe mwenye iliyopinda, uliyemwandika leo, na mbele ya kompyuta hao ni wanyama wawili tofauti. Ukimtafuta mmoja kwa njia ya kawaida, mwingine haonekani. Kwa mwandishi wa barua si kitu. Kwa mtu anayetengeneza faharasa ya kitabu cha kurasa mia tatu ni balaa la wiki nzima. Na yule aliyeuandika mstari hana kosa lolote, yeye hajawahi kumwona ng'ombe wetu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya marafiki zangu wa fasihi. Wao wakisikia habari ya watu kunakili mistari ya wenzao bila kutaja majina, wanafikiria wizi wa maandishi mara moja. Katika fasihi ukichukua ubeti wa mtu ukaupachika kwenye shairi lako kimya kimya, umemwibia. Katika mipangilio sidhani kama neno ni wizi. Hakuna anayelionesha faili lake akisema tazameni kipaji changu (wapo wachache, tuwaache). Aliyetoa hajapungukiwa na kitu, wala hakuwa anatafuta sifa. Bado nasema jina litajwe, ila sababu yangu ni nyingine: yule wa kwanza ndiye anayejua kwa nini. Wanazuoni wa hadithi walihifadhi isnadi, fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, na lengo halikuwa kuwapa wapokezi heshima tu. Mnyororo uliwawezesha wanaokuja kurudi nyuma na kupima: huyu alikuwa mkweli, huyu alikutana kweli na yule, hapa pana pengo. Mstari wa msimbo uliokatwa isnadi yake unabaki amri tupu. Unafanya, haujieleza.

Na ni amri kweli. Hilo nalo lisipite bila kusemwa, maana wasiojua hudhani mipangilio ni orodha ya mapendeleo. Init.el ni programu. Inapowashwa ina uwezo wote ulio nao wewe kwenye kompyuta yako, wa kufungua barua zako na kufuta kazi zako. Kumpa mtu faili lako ni kumwambia aifanyie kompyuta yake yote unayoifanyia yako, bila kuuliza. Hakuna neno la Kiingereza linalonitosheleza hapo, neno ninalo la nyumbani: amana. Ipo kwa anayetoa na ipo kwa anayepokea. Emacs yenyewe inasaidia kuitunza, kwa sababu unaweza kuisimamisha juu ya amri yoyote ukaiuliza hii ni nini, inafanya nini, msimbo wake uko wapi, nayo ikakujibu na kukufungulia mahali penyewe. Stallman alipoandika makala yake ya mwaka 1981 kuieleza Emacs, aliweka sifa hiyo ya kujieleza yenyewe kwenye kichwa cha makala. Kuuliza ni karibu sana, vitufe vitatu hivi. Anayetumia asichokielewa humo, basi ameamua.

Haya, nifike kwenye la mwaka juzi.

Nilikuwa na mzee wangu wa kazi, mtafsiri. Jina lake siliweki hapa, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini. Emacs aliijua akiwa masomoni Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980, akarudi nayo, na hakuiacha mpaka mwisho. Mimi ndiye aliyenifundisha. Ukimwomba faili lake alikuwa na jibu moja: "Njoo ukae." Hatumi. Unakwenda kwake Jumamosi, anakupa kahawa chungu, mnakaa mnapitia mstari kwa mstari, anakueleza huu niliuweka kwa sababu hii, huu nilimtoa mtu fulani, huu wewe haukufai, uruke. Ukiondoka una mistari sita. Nilikuwa nikiona ni mizengwe ya wazee.

Alipofariki, binti yake aliniita nitoe kazi zilizomo kwenye laptopu yake. Miswada, tafsiri, barua. Nikafika pia kwenye vifupisho. Emacs ina utaratibu wa vifupisho: unaifundisha kwamba ukiandika herufi chache inyooshe yenyewe maneno mazima. Unaandika hk, inaandika hati ya kiapo. Unaandika mlk, inaandika mlalamikaji. Mzee alifanya kazi ya nyaraka za mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini, na faili lake la vifupisho lilikuwa na maingizo zaidi ya elfu moja ya Kiswahili cha sheria, kilichochujwa na mtu aliyekuwa akigombana na kila neno. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Tanzania, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na vijana wengi wakajikuta wanatafuta usiku na mchana maneno ambayo mzee alikuwa ameyaweka kwenye herufi mbili mbili siku nyingi. Kijana mmoja mtafsiri, aliyewahi kukaa kwa mzee Jumamosi mbili tatu, akaniomba: kaka, naomba lile faili. Lisife.

Hoja yake ilikuwa nzito. Mali kama ile kubaki kwenye laptopu iliyozimwa ni hasara kwa watu wengi, na yeye mwenyewe mzee hakuwa mchoyo.

Lakini faili la vifupisho lina jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Linahesabu. Pembeni ya kila kifupisho Emacs huandika idadi ya mara kilizotumika, na faili linapohifadhiwa hesabu nayo inahifadhiwa humo. Kwa hiyo nilichokuwa nacho mkononi hakikuwa kamusi tu. Hati ya kiapo: 1,912. Mirathi: zaidi ya elfu moja. Na katikati ya hayo, bila kutengwa, maisha yake. Kifupisho smh kilinyooka kuwa "samahani sana kwa kuchelewa kukujibu": 640. Kingine kilikuwa na jina la marehemu mkewe na dua fupi baada yake. Kingine: "kuhusu deni lile, naomba univumilie mpaka mwisho wa mwezi": 61.

Mara sitini na moja. Mtu hatengenezi kifupisho cha sentensi anayotarajia kuiandika mara moja.

Sikuwahi kujua kwamba mzee alikuwa na deni. Kwa jinsi ninavyoijua familia ile, watoto nao hawakujua. Alikuwa akivaa vizuri, akilipa kahawa ya kila mtu.

Sasa hapo maadili ya kushirikiana yanakuambia nini? Yule anayesema kila kitu kitolewe ana jibu jepesi, na jibu lake ni la kikatili. Anayesema ya mtu ni ya mtu, faili lifungwe, naye ana jibu jepesi, na maneno elfu moja ya Kiswahili yanaozea kwenye droo. Wengi wangesema futa ya siri, toa ya manufaa, kazi imekwisha. Nami niliona hivyo kwa dakika kama kumi. Kisha nikajiuliza nafuta kwa mamlaka ya nani. Kuchagua lipi la mzee ni aibu na lipi ni la fahari ni kumhariri, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake, si mhariri wa maisha yake. Na binti je? Nikimfutia kabla hajaona, nimeamua kwamba hastahili kumjua baba yake. Nikimwonesha, nimeifungua siri ambayo mzee aliibeba mara sitini na moja bila kumshirikisha.

Nilimpelekea lote, bila kugusa kitu. Sababu yangu ilikuwa ya kizamani: amana hurudi kwa wenyewe kama ilivyo, na mwenyewe akishakufa ni warithi. Nilikaa naye, nikamweleza vinavyosomeka, kama mzee alivyokuwa akifanya Jumamosi. Alipoona ile ya samahani 640 alicheka mpaka akafuta machozi. "Kaka, kumbe huyu mtu hata kuomba radhi alikuwa na mashine." Alipofika kwenye deni alinyamaza. Akasogeza chini, akarudi tena juu. Kisha akasema, "Hili nilikuwa nalihisi." Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Tulikubaliana haraka kwamba maneno ya sheria yatoke, ya nyumbani yabaki nyumbani. Tuliyapitia pamoja, jioni nne, na mara kadhaa hatukujua lipi ni la wapi. "Mungu atatulipia" ni la sheria au la nyumbani? Lilikuwa na hesabu kubwa. Yeye akasema la nyumbani, likabaki.

Tulichogombana ni hesabu. Mimi nilitaka kila namba irudishwe kwenye sifuri kabla kijana hajapewa. Faili ukilichukua na namba zake, Emacs haijui kwamba mwenyewe amebadilika. Kijana akiandika hk kesho, inaandika 1,913. Nikaona si sawa. Zile 1,912 ni mikono ya mzee, macho ya mzee usiku, na kumfanya mtu mwingine aendeleze namba ile ni kama kuendelea kusaini kwa jina lake. Aidha, kijana naye ana haki ya kuanza na sifuri yake. Atajuaje kazi aliyoifanya yeye?

Dada akakataa katakata. "Kaka, wewe unaniambia kwamba baba amekufa, mtu anaendelea kutumia kazi yake, na kuna mashine inahesabu kila mara anapoitumia. Halafu unataka tuifute?" Akanitazama. "Hiyo si ndiyo sadaka jariya?"

Sina jibu la hilo mpaka leo, na sioni haya kusema hivyo. Sadaka jariya, kwa wasomaji wasiolijua neno, ni sadaka inayoendelea kumfaa mtu baada ya kufa: kisima alichochimba, mti aliopanda, elimu aliyoiacha watu wakanufaika nayo. Mimi nilikuwa nikifikiria habari ya umiliki, nani anayo haki na namba. Yeye alikuwa akifikiria habari ya thawabu, ambayo haipungui kwa mmoja ikienda kwa mwingine. Ukilitazama hivyo, lile sharti la kale la Stallman, kila ulichoboresha ukirudishe, linapata sura nyingine kidogo. Bado nasema lilikuwa kali mno. Ila naelewa zaidi alichokuwa anakitafuta.

Namba zikabaki. Faili lilikuwa la baba yake, si langu.

Hata hivyo kuna jambo moja nililisimamia mimi, na dada akakubali. Faili halikutumwa. Kijana aliitwa, akaja, tukakaa, tukalipitia. Haikuwa maneno yote elfu, hapana, lakini yale yenye kesi. Kwa nini "mjibu maombi" na si "mlalamikiwa" kwenye aina fulani za shauri. Kwa nini mzee alikuwa na vifupisho viwili vya neno moja, kimoja cha herufi kubwa. Kuna mstari mmoja kwenye init.el wa kusafisha nafasi mwishoni mwa mistari, chini yake ameandika kwa mkono wake kwamba aliupata kwa Mfaransa mmoja na usiguswe. Hatujui kwa nini usiguswe. Kijana ameuacha na maelezo yake, akaongeza chini: nimeupokea kwa Mzee, naye kwa Mfaransa.

Juzi kijana huyo aliniletea swali dogo. Amebadilisha baadhi ya vifupisho vya mzee, kwa sababu istilahi kadhaa zimesogea tangu wakati ule, na ameona kwamba vile alivyovibadilisha vimerudi kwenye sifuri vyenyewe. Alidhani ameharibu kitu. Nikamwambia hajaharibu. Emacs inafanya hivyo: ukikipa kifupisho maana mpya, hesabu yake inaanza upya, na vile ulivyoviacha kama ulivyovikuta vinaendelea kutoka pale vilipokuwa. Akauliza kama dada anajua. Nikampigia simu nikamweleza, akataka kujua hati ya kiapo imefika ngapi.

Imefika 2,340.